Insha ya Kujadili: Wakfu na Uchumi wa Mashinani

Swali la mfano

"Wakfu na mashirika mengine yasiyo ya faida ndiyo nguzo ya uchumi wa mashinani katika maeneo yanayokua." Jadili. (Alama 20)

Swali la aina hii huwavutia watahiniwa wengi kwa sababu linaonekana jepesi. Nani hajaona kibao cha shirika kando ya barabara, au tangi la maji lenye jina la mfadhili? Wepesi huo ndio mtego wenyewe. Mtahiniwa huandika kwamba mashirika hujenga shule, huchimba visima, hulipa karo, hugawa chakula na kupanda miti. Akifika ukurasa wa pili amemaliza hoja kumi, na alama zake zimesalia katika kiwango cha C. Hoja zake si za uongo. Kasoro ni kwamba ameorodhesha vitu vilivyotolewa, hakueleza uchumi ulikuaje baada ya vitu hivyo kutolewa. Swali halikuuliza iwapo mashirika hutoa misaada. Limeuliza iwapo misaada hiyo ni nguzo, yaani kitu ambacho kikiondolewa nyumba huanguka.

Ukishalielewa swali hivyo, utahitaji mifano michache tu uliyoielewa vizuri. Katika somo hili tutachambua mmoja kwa kina, tuongeze wa hapa nyumbani, kisha tuone jinsi ya kuitumia katika aya.

Kulichambua swali

Anza na neno wakfu. Limetoka katika Kiarabu na lina historia ndefu katika pwani yetu. Mtu wa Lamu au Mombasa aliyeweka nyumba yake wakfu aliitenga kwa ajili ya msikiti, mayatima au maskini. Tangu siku hiyo nyumba haiuzwi, hairithiwi, wala haigawanywi. Kodi yake ndiyo inayotumika. Mali inabaki, faida yake inahudumia watu. Mashirika ya kisasa yanayojiita wakfu yameazima maana hiyo, ingawa si yote yenye mali iliyotengwa. Mengi hutegemea michango ya kila mwaka kutoka kwa kampuni, serikali za nje au watu binafsi, na jambo hilo utalihitaji utakapofika kwenye upinzani wa hoja.

"Lisilo la faida" huwakanganya watahiniwa. Haimaanishi kwamba shirika haliruhusiwi kupata fedha, kutoza ada au kuuza bidhaa. Maana yake ni kwamba ziada ikipatikana haigawiwi wenyewe kama gawio la wanahisa, bali hurudishwa katika kazi ya shirika. Nchini Kenya mashirika ya namna hii sasa yanasimamiwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024. Ukiitaja katika utangulizi kwa sentensi moja inatosha. Usiandike aya nzima ya sheria. Hii si insha ya uraia.

"Maeneo yanayokua" ni maneno ambayo wengi huyaruka. Eneo linalokua ni lile ambalo watu, barabara au biashara vinaongezeka haraka kuliko maji, masoko, mikopo na uongozi wa kuvisimamia. Fikiria miji kama Kitengela au Ruiru ilivyopanuka. Fikiria pia kijiji kilichokuwa kimejificha, kikaamka siku moja barabara ya lami imekipitia. Barabara huleta wateja, lakini huleta pia bidhaa za bei nafuu kutoka mbali na wanunuzi wajanja wanaojua bei ya mjini, ilhali mkulima haijui. Kukua kunaweza kumwinua mwenyeji au kumwacha nyuma, na hapo ndipo uzito wa swali ulipo.

Mwisho, "jadili". Neno hili linakutaka uonyeshe pande zote mbili kisha uchukue msimamo. Anayeunga mkono tu amejibu nusu ya swali.

Mfano wa kushikilia: vijiji vya Gilgit

Kaskazini mwa Pakistan, katika milima ya Karakoram, kuna maeneo ya Gilgit na Baltistan, na jirani yake Chitral. Mvua huko ni haba. Kilimo hutegemea mifereji inayoteremsha maji ya barafu iliyoyeyuka kutoka vileleni hadi kwenye vishamba vidogo vya ngano, viazi na miti ya aprikoti. Mfereji kama huo huchongwa kwenye jabali, nao hauwezi kuchimbwa na familia moja. Zamani watawala wa kienyeji ndio waliowaita watu kazini, wapende wasipende. Katika miaka ya 1970 tawala hizo zilifutwa. Watu wakawa huru, lakini aliyekuwa akiitisha kazi ya pamoja hayupo tena. Mwishoni mwa muongo huohuo Barabara Kuu ya Karakoram, iliyojengwa na Pakistan na China, ikakamilika na kuiunganisha milima hiyo na masoko ya nchi.

Hali ilikuwa hiyo Wakfu wa Aga Khan ulipoanzisha mpango wake wa maendeleo ya vijijini mjini Gilgit mwaka 1982. Meneja wake wa kwanza alikuwa Shoaib Sultan Khan, aliyeuongoza kwa miaka kumi na miwili ya mwanzo. Ulihudumia vijiji vya madhehebu mbalimbali ya Kiislamu, si Waismailia pekee.

Zingatia utaratibu waliofuata, kwa sababu hoja zako zitachipuka humo. Maofisa hawakuja na orodha ya miradi. Waliitisha mkutano wa kijiji kizima na kuuliza swali moja: ni kazi gani moja ambayo ikifanyika itanufaisha kaya nyingi zaidi hapa, na ambayo ninyi wenyewe mtaweza kuitunza? Vijiji vingi vilitaja mfereji, vingine barabara ya kuunganisha kijiji na barabara kuu. Mhandisi alikuja kupima pamoja na wenyeji waliolijua jabali lao. Kisha katika mkutano mwingine yakawekwa masharti. Wakfu utatoa ruzuku kwa mradi huo. Kijiji nacho kitaunda chama, kitakutana mara kwa mara, kila mwanachama ataweka akiba katika kila mkutano hata kama ni kidogo, na chama kitautunza mradi ukikamilika.

Watu huvutiwa na mfereji kwa sababu unaonekana. Lakini mfereji ulikuwa chambo tu. Kilichokusudiwa ni mambo matatu: chama, akiba na ujuzi. Chama kilijaza pengo la aliyekuwa akiitisha kazi ya pamoja, safari hii bila kulazimishana. Akiba ilikuwa ya wanachama wenyewe, na ilipokua ikawa dhamana ya mikopo ya mbegu, mbolea na mifugo. Ujuzi ulipatikana kwa kuwafunza wanakijiji wachache kazi mahususi, kama kuchanja mifugo au kuzuia magonjwa ya mimea. Hao walirudi kijijini na kulipwa na majirani kwa huduma hiyo. Hawakuwa wafanyakazi wa wakfu.

Chukua aprikoti. Tunda hili huiva kwa wakati mmoja na kuharibika upesi. Kabla ya hapo sehemu kubwa ilioza au ilianikwa mapaani na kupata vumbi, ikauzwa kwa bei duni. Wakulima walipofunzwa kuikausha kwa usafi na kuiuza kwa pamoja, tunda lilelile la mti uleule likawa bidhaa ya kusafirishwa. Viazi vya mbegu navyo vilistawi katika hewa ya baridi ya milimani na kupata wanunuzi katika nyanda za chini. Barabara iliyoweza kuwaletea tu bidhaa za wengine ikawa inabeba za kwao.

Benki ya Dunia iliutathmini mpango huo mara nne, tathmini ya kwanza ikitolewa mwaka 1987, na mwaka 1991 Pakistan ikaanzisha mpango wa kitaifa uliofuata mfano huo. Baadaye kazi ya akiba na mikopo ilihamishiwa kwenye benki ya mikopo midogo. Wakfu huohuo umefanya kazi katika pwani ya Kenya pia, hasa Kwale na Kilifi, kwa mtindo wa kuanza na chama cha kijiji.

Mfano wa nyumbani: pampu za Kwale

Mtahiniwa anayesema "visima huleta maendeleo" hajasema lolote. Kisima chenye pampu iliyoharibika ni shimo tu lenye chuma juu yake. Katika miaka ya 1980, huko Kwale, shirika la Kenya la maji na afya linalojulikana kwa kifupi kama KWAHO lilishiriki katika mradi wa pampu za mkono. Wanawake, ambao ndio waliokuwa wakibeba ndoo, waliingizwa katika kamati za maji na kufunzwa kuzitengeneza pampu. Kamati zilichangisha pesa na kuziweka katika akaunti za benki ili kununua vipuri. Sehemu ya majaribio yaliyozaa pampu ya Afridev, inayotumika leo katika nchi nyingi za Afrika, ilifanyika huko. Pampu hiyo ilibuniwa makusudi ili mwanakijiji aweze kuifungua kwa spana moja, asimngoje fundi wa serikali kutoka mbali.

Sasa uchumi unaingia wapi? Hesabu saa. Mama aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta maji amerudishiwa muda wa kulima, kusuka makuti au kuuza mboga. Pesa za matengenezo zinashikwa na mhazini wa kijiji. Na mwanamke anayejua kufungua pampu ana ujuzi ambao mfadhili akiondoka haondoki nao.

Swali la kujiuliza kila mara: pesa zinakaa wapi?

Hapa nitasisitiza, maana hoja hii peke yake inaweza kuipandisha insha yako daraja. Tuseme wakfu umetoa shilingi milioni tano kujenga soko. Mkandarasi akitoka Nairobi na mafundi wake, saruji, mabati na hata mpishi, milioni hizo hupita mjini kama gari la abiria lisilosimama. Soko litabaki, ndiyo, lakini pesa zimekwenda. Mawe yakinunuliwa katika timbo la hapo hapo, vibarua wakitoka mtaani na chakula kikipikwa na mama wa kibanda cha jirani, shilingi ileile itazunguka mara kadhaa kabla ya kutoka. Kibarua atamlipa mwenye nyumba, mwenye nyumba atanunua unga, muuza unga atampanda bodaboda.

Akiba ya kikundi hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Tuseme wanachama 20 wa chama wanaweka shilingi 200 kila mmoja kwa juma. Hiyo ni shilingi 4,000 kwa juma, na kwa majuma 52 ni shilingi 208,000. Muuza mboga akikopa shilingi 10,000 kutoka humo na kurudisha 10,500, zile 500 za riba ni mali ya kikundi chake mwenyewe, na mwisho wa mwaka atapata fungu lake. Angekopa kwa mkopeshaji wa nje, riba ingetoka mtaani isirudi. Wakfu uliowafunza watu hawa kuweka vitabu vya hesabu unaweza kuwa haukutoa hata senti moja ya mtaji, na bado ukawa umefanya kazi kubwa kuliko uliogawa cherehani ishirini. (Cherehani zina bahati mbaya katika insha za watahiniwa. Hugawanywa kila mara, lakini hakuna anayesema nguo zilizoshonwa zilinunuliwa na nani.)

Upande wa pili

Kwa kuwa umeambiwa ujadili, onyesha kwamba "nguzo" ni neno zito. Wakfu haukuchaguliwa kwa kura. Bodi yake ikiamua mwakani kwamba kipaumbele ni mazingira badala ya biashara ndogo, wakazi hawana pa kulalamikia kama wanavyoweza kumwadhibu mwakilishi wadi kwenye sanduku la kura. Fedha zake nyingi hutegemea wafadhili ambao wanaweza kubadili nia.

Msaada wa bure nao unaweza kuua soko. Shirika likigawa mahindi msimu wa mavuno, mkulima wa jirani atamuuzia nani? Ombaomba hazaliwi, hufundishwa, na wakati mwingine anayemfundisha ana nia njema kabisa.

Hata mfano wetu wa Gilgit ulikuwa na nyufa. Baadhi ya vyama vya vijiji vililala mradi wa kwanza ulipokwisha. Vyama vya mwanzo vilikuwa vya wanaume, ikabidi vya wanawake viundwe kando. Tena, bila barabara kuu iliyojengwa na serikali, aprikoti zilizokaushwa vizuri zingebaki milimani. Hii ndiyo hoja yako kali zaidi ya upinzani: barabara, usalama, sheria za ardhi na umeme si kazi ya wakfu wowote. Msimamo unaoweza kuutetea, basi, ni huu: wakfu ni kichocheo, nao huwa na nguvu pale unapojenga uwezo wa wenyeji juu ya msingi uliowekwa na serikali. Unaweza kuwa na msimamo tofauti. Mtahini hakuadhibu kwa maoni yako, hukuadhibu kwa kutoyatetea.

Kuandika aya

Soma aya hizi mbili zenye hoja moja.

Aya ya kwanza: "Pia mashirika haya husaidia wakulima. Huwapa mbegu na mafunzo. Wakulima hupata mazao mengi na maisha yao huwa bora. Hivyo basi uchumi hukua."

Aya ya pili: "Isitoshe, wakfu huweza kumwongezea mkulima kipato bila kumwongezea hata mti mmoja. Katika milima ya Gilgit nchini Pakistan, aprikoti nyingi zilikuwa zikioza au kukaushwa kwa njia duni. Mpango ulioanzishwa na Wakfu wa Aga Khan mwaka 1982 uliwafunza wanakijiji kuzikausha kwa usafi na kuuza kwa pamoja kupitia vyama vyao. Tunda lililokuwa hasara likageuka biashara, na kwa kuwa ujuzi ulikuwa mikononi mwa wenyeji, waliendelea kunufaika kila msimu. Wakulima wa maembe katika kaunti zetu, ambao huona matunda yao yakioza kila msimu, wanaweza kunufaika kwa njia iyo hiyo."

Ya kwanza ina sentensi nne na haina mahali, mwaka wala mtu. "Maisha bora" imekaa pale kama kifuniko bila sufuria. Ya pili inaanza na dai lisilotarajiwa, inatoa ushahidi, inaeleza sababu, kisha inarudi nyumbani. Aya sita za namna hii, nne za kuunga na mbili za kupinga, zinakutosha kupita maneno 400 bila kuhangaika.

Angalia pia lugha. Sema "wakfu huu", "wakfu ulianzisha", "wakfu hizi" au "nyakfu" usizichanganye katika insha moja. Ukishindwa kuamua, tumia "mashirika" kwa wingi. Tofautisha "ruzuku", isiyolipwa, na "mkopo", unaolipwa. Usiandike "mashirika yasio ya faida", ni "yasiyo". Methali moja inayokaa vizuri mahali pake yatosha. Tatu katika utangulizi ni ushahidi kwamba huna la kusema.

Zoezi

1. Andika upya aya ya kwanza hapo juu ukitumia mfano wa pampu za Kwale. Isizidi maneno 90.

2. Taja mradi mmoja katika eneo lako uliofadhiliwa na shirika lisilo la faida. Muulize mzazi au jirani: anautunza nani sasa, na pesa za kuutunza zinatoka wapi? Andika majibu katika aya mbili, moja ya kuunga na moja ya kupinga kauli ya swali letu.

3. Kikundi cha watu 15 huweka shilingi 150 kila mmoja kwa juma. Kitakuwa na akiba kiasi gani baada ya majuma 40? Tumia jibu lako kuandika hoja moja kuhusu mtaji wa wenyeji.

4. "Msaada usio na masharti ndio msaada wa kweli." Jadili ukirejelea masharti waliyowekewa wanavijiji wa Gilgit. (Alama 20)